Je, asiye na neno ana roho?



Katekista anapofika kwenye somo la kuumbwa kwa mtu, huwauliza: «Mtu ni nini?» Nanyi mwajibu kama mlivyofundishwa, ya kuwa mtu ni kiumbe mwenye mwili na roho, na kwa roho yake aweza kufahamu na kupenda. Jibu hilo ni jema. Lakini jibu jema laweza kukaa ulimini miaka mingi pasipo kushuka moyoni, mpaka lipate kujaribiwa. Leo twataka kulijaribu kwa swali gumu.

Mtoto amezaliwa, hasikii wala haoni. Hajapata kusikia sauti ya mama yake, wala kuutazama uso wake. Hajui ya kuwa yeye ana jina, wala ya kuwa vitu vina majina. Ukimwita, hageuki. Ukimwonyesha kitu kwa kidole, hakioni. Ukimkemea, hajui kwamba anakemewa. Je, mtoto huyo anafahamu? Je, anapenda? Na ikiwa haonyeshi dalili yoyote ya kufahamu, twajuaje ya kuwa roho imo ndani yake?

Msiseme kwamba swali hilo ni la wenye elimu kubwa tu. Limo vijijini mwetu. Limo katika nyumba ile ambayo mgeni akibisha hodi, mlango wa chumba cha nyuma hufungwa upesi. Limo kinywani mwa jirani anayenong'ona kwamba mtoto wa namna hiyo ni mchawi, au amerogwa, au ni malipo ya kosa la mama yake. Basi kabla ya kujibu, tutazame kwanza jambo lililotendeka kweli, kisha tutafakari.

Habari ya Marie Heurtin

Katika nchi ya Ufaransa, huko Vertou karibu na mji wa Nantes, mwaka 1885, alizaliwa msichana jina lake Marie Heurtin. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya mbao, mtu asiye na mali. Mtoto alizaliwa kiziwi na kipofu pamoja. Angalieni vema jambo hili. Wako watu waliopata hasara hiyo baada ya kuzaliwa, kama Helen Keller wa Marekani, ambaye habari zake zimeenea duniani kote. Yeye alisikia na kuona mpaka mwezi wake wa 19, ndipo ugonjwa ukamwondolea yote mawili. Marie hakupata hata miezi hiyo michache. Tangu siku ya kwanza aliishi katika kimya na giza.

Wazazi wake walimpenda, lakini hawakujua njia ya kumfikia. Walipomtafutia shule, mahali pa viziwi walimkataa kwa kuwa ni kipofu, na mahali pa vipofu walimkataa kwa kuwa ni kiziwi. Wengine wakashauri awekwe pamoja na wenda wazimu. Hatimaye baba yake alipata habari za nyumba ya Larnay, karibu na mji wa Poitiers, ambapo watawa waitwao Mabinti wa Hekima walikuwa wakiwalea wasichana viziwi. Katika nyumba hiyo, tangu mwaka 1875, Sista Sainte-Médulle alikuwa amemfundisha Marthe Obrecht, msichana aliyepoteza kusikia na kuona akiwa bado mdogo. Kwa hiyo watawa hao walikuwa na tumaini ambalo wengine hawakuwa nalo.

Marie aliletwa Larnay tarehe 1 Machi 1895, akikaribia kutimiza miaka 10. Alipotambua ya kuwa mikono inayomshika si ya baba yake, alipandwa na hasira kali. Alijitupa chini, akapiga makelele mchana na usiku, na hali hiyo ikaendelea karibu miezi miwili. Masista walipompeleka matembezini, alijilaza njiani asitake kusimama, ikawabidi wambebe mabegani na miguuni huku akilia kwa sauti ya kutisha, na watu wa mashamba wakitoka kutazama. Nani kati yetu, kama angalikuwako siku hiyo, asingalisema moyoni: «Huyu hana akili za kibinadamu»?

Sista Sainte-Marguerite, aliyekabidhiwa kumfundisha, hakusema hivyo. Alingoja, akaangalia. Akaona kwamba Marie alikuja na kisu kidogo kutoka nyumbani, naye alikipenda sana. Siku moja Sista alikichukua kisu kile. Marie akakasirika. Sista akamrudishia kitambo kidogo, kisha akaishika mikono ya mtoto, akaweka ubavu wa mkono mmoja juu ya mwingine na kuupeleka mbele na nyuma, kama mtu anayekata. Hiyo ndiyo ishara ya kisu katika lugha ya viziwi. Akakichukua tena kisu, na Marie akakasirika tena. Lakini mara Marie mwenyewe alipoifanya ishara ile kwa mikono yake, Sista alimrudishia kisu chake.

Ndugu zangu, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Marie Heurtin. Halikutoka kinywani, wala halikuingia kwa sikio. Lilitoka katika mikono miwili, nalo lilikuwa neno kweli.

Kisha Sista alifanya vivyo hivyo kwa vitu vingine, hasa vile vya chakula ambavyo mtoto alivipenda. Baada ya ishara ilifuata alfabeti ya vidole, ambayo kila herufi yake ina umbo lake la vidole, nayo hutiwa katika kiganja cha msikilizaji. Baada ya hiyo yalifuata maandiko ya nukta sita yaliyotungwa na Mfaransa mwingine, Louis Braille, aliyepofuka kwa sababu ya jeraha alilolipata akiwa na miaka 3 katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Marie akasoma kwa ncha za vidole, akaandika, akafuma.

Mambo yasiyoshikika yalikuwa magumu zaidi. Ili kumfundisha ukubwa na udogo, Sista alimpapasisha wanafunzi wawili, mmoja mrefu, mwingine mfupi. Ili kumfundisha uzee, alimgusisha mikunjo ya uso wa bibi kizee na mgongo wake ulioinama. Mtawa mmoja wa nyumba alipokufa, Marie aliugusa mwili wake, akasikia ubaridi wake, akafadhaika sana. Ndipo Sista akamwuliza habari za upendo. Je, unampenda baba yako? Unampenda kwa mguu? Unampenda kwa mkono? Mtoto akaona ya kuwa upendo wake hauko katika kiungo chochote cha kushikika, bali umo ndani. Sista akamweleza kwamba hicho kinachopenda ndani yetu huitwa roho, nacho hakifi pamoja na mwili.

Tena Marie alilipenda jua kwa ajili ya joto lake, hata akanyosha mikono kana kwamba angeweza kulishika. Sista akamwuliza ni nani aliyelifanya jua. Mtoto akafikiri juu ya tanuru, akajibu ya kuwa ni mwoka mikate. Msimcheke. Yeye aliyajua majoto mawili tu yaliyo makubwa, la tanuru na la jua, akatafuta mtendaji mmoja wa yote mawili. Na katika kutafuta huko, alikuwa ameshika njia ile ile iliyoshikwa na wenye hekima wa mataifa yote, wanaotazama kazi na kumwulizia Mfanyaji. Sista hakuwa na lingine ila kumwambia kwamba aliyelifanya jua ni mkuu kuliko mwoka mikate, na kuliko watu wote.

Swali la kwanza: Je, neno ndilo lililoumba roho yake?

Wako wasemao: kabla ya kisu kile Marie alikuwa kama mnyama, neno lilipoingia, ndipo akawa mtu. Maneno hayo yanaonekana kuwa na akili, lakini tuyapime.

Mbwa naye aweza kufundishwa. Ukimpa mfupa kila ainuapo mguu, atainua mguu apate mfupa. Kama Marie angalibaki hapo, akiomba kisu na mkate kwa ishara, tungeweza kusema kwamba amefanana na mbwa yule. Lakini hakubaki hapo. Alijifunza majina ya vitu visivyoliwa wala kuchezewa. Alizungumza habari za vitu visivyokuwapo mbele yake. Alitaka kujua kifo ni nini. Mbwa hamwulizii aliyelifanya jua. Basi lililoonekana kwa Marie baada ya neno halikuwa desturi ya kuomba tu, ila akili inayotafuta ukweli.

Na akili hiyo ilitoka wapi? Ishara ya kisu haikuitia ndani yake, kwani ukifanya ishara hiyo juu ya jiwe mara elfu, jiwe halitajibu. Anayepanda mbegu hutumia mvua, lakini mvua haimwagi uhai katika mchanga usio na mbegu. Neno lilikuwa mvua. Mbegu ilikuwamo tangu awali.

Kumbukeni pia ile hasira ya miezi miwili. Watu walioitazama waliona wazimu. Lakini mtoto aliyekasirika kwa sababu ameondolewa baba yake, amekwisha kumjua baba yake. Mtoto aliyekasirika kwa sababu ya kisu, amekwisha kujua hiki ni changu, na ya kuwa kuchukuliwa si sawa na kuwa nacho. Makelele yale yalikuwa usemi wa mtu ambaye hajapewa maneno. Roho ilikuwa ikigonga ukuta kutoka ndani. Sista Sainte-Marguerite alikuwa wa kwanza kufahamu kwamba anayegonga ni mtu.

Hapo twajifunza jambo zito. Tulizoea kusema kwamba Marie alikuwa kiziwi kwa watu. Ni kweli, lakini watu nao walikuwa viziwi kwa Marie. Kwa miaka karibu 10 alisema kwa njia yake, kwa kulia, kwa kuvuta, kwa kujitupa chini, na hakuna aliyesikia. Ukuta una pande mbili.

Wala msidhani kwamba neno lazima likae kinywani. Sisi watu wa Kongo tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Katika misitu yetu ngoma ya mti ulio wazi ndani imepeleka habari kutoka kijiji hata kijiji, za kifo, za kuzaliwa, za mgeni anayekuja, na ngoma haina ulimi. Na kwa Waluba wa Katanga, wazee walioitunza habari ya wafalme walikuwa na ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga. Mzee alipitisha vidole juu ya shanga hizo, na vidole vyake vikamkumbusha majina, njia na matendo ya waliotangulia. Basi mtu anayesoma kwa vidole asiwe ajabu kwetu. Babu zetu walisoma kwa vidole kabla ya kuona kitabu.

Swali la pili: Je, ilikuwa haki kumnyang'anya kisu?

Huenda mmoja wenu ameudhika aliposikia kwamba Sista alimwondolea mtoto maskini kitu kimoja alichokipenda. Tusilipite jambo hilo, kwa maana kila mzazi na kila mwalimu ana uwezo juu ya mdogo, na uwezo huo waweza kuponya au kuua.

Yuko anayemnyima mtoto chakula ili amwadhibu. Yuko anayemnyima ili mtoto ajue nani ana nguvu. Na yuko anayemshikia kitu kitambo kidogo ili ampe kingine kilicho kikubwa zaidi, pamoja na kile cha kwanza. Twawatofautishaje watu hao watatu, ikiwa mkono wa kila mmoja umechukua? Tutazame mambo mawili. La kwanza, je, amekirudisha? Sista alikirudisha kisu, tena kikiwa na jina lake. Mtoto alitoa hasira, akapokea kisu na neno. Asiyerudisha ni mwizi, hata akijiita mwalimu. La pili, je, alikaa pale kupokea hasira? Mtu mwenye kuadhibu hutoa adhabu na kwenda zake. Sista alikaa, akapokea ghadhabu ya mtoto katika mikono yake mwenyewe, akaigeuza mikono ile kuwa ishara. Hakumtaka mtoto anyamaze, alimtaka aseme.

Tena tuangalie alianzia wapi. Angaliweza kuanza na jina la Mungu, kwa kuwa yeye ni mtawa, na hilo ndilo jina alilolipenda kuliko yote. Angaliweza kuanza na jina lake mwenyewe. Alianza na kisu, kwa sababu kisu ndicho alichokipenda mtoto. Anayetaka kumfundisha mtu lazima kwanza ajue moyo wa mtu huyo umekaa wapi, aende akaketi hapo. Makatekista wanaosoma ukurasa huu wayatie maanani maneno hayo.

Swali la tatu: Je, si hasara kumtolea mtoto mmoja nguvu nyingi hivyo?

Sista Sainte-Marguerite alikufa mwaka 1910. Hesabuni: tangu Machi 1895, ni miaka 15. Mtu mwenye kupenda hesabu atasema kwamba kwa miaka 15 mwalimu huweza kufundisha darasa zima kila mwaka, na kwamba watoto wenye macho na masikio ni wengi wasio na mwalimu. Katika nchi yetu hoja hiyo ina uzito. Shule nyingi za vijijini zina watoto wengi na walimu wachache, na mzazi maskini huchagua nani alipiwe karo na nani abaki.

Kuna jibu moja jepesi, nalo ni la matunda. Marie alikuwa na mdogo wake, Marthe, aliyezaliwa mwaka 1902, naye kiziwi na kipofu. Marthe aliletwa Larnay mwaka 1910, na Marie akawa mmoja wa wale waliomsaidia kujifunza. Yule aliyebebwa njiani akipiga makelele alinyosha mikono kumtoa mwenzake gizani. Marie mwenyewe alikufa mwaka 1921, akiwa na miaka 36. Basi kazi ya Sista ilizaa, kama vile hindi moja linavyozaa mengi.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, nami sitaki mlitegemee. Kwa maana twaweza kuulizwa: na kama Marie asingalijifunza? Wako watoto ambao ugonjwa umewaharibu ubongo, na mwalimu aliye bora huwagusa mkono kila siku wala hapati ishara ya kujibu. Je, miezi ile miwili ya kumbeba ingalikuwa hasara? Ikiwa twasema kwamba mtu anastahili kupendwa kwa sababu ataweza kujibu, basi tumeugeuza upendo kuwa biashara, tunakopesha kwa matumaini ya faida. Mama hamnyonyeshi mtoto wake kwa kuwa mtoto amemshukuru. Humnyonyesha kabla mtoto hajajua kwamba kuna mtu aitwaye mama.

Sista alianza kumpenda Marie kabla ya neno. Hilo ndilo kiini cha habari yote. Aliamini kwamba ndani mna mtu, siku ambazo hapakuwa na dalili ila makelele. Kama angalingoja kwanza dalili ndipo apende, dalili isingalikuja kamwe, kwa maana ni upendo wenyewe uliompa mtoto njia ya kujibu. Basi hesabu ya miaka 15 kwa mtoto mmoja haihesabiki kwa vidole vya mfanyabiashara. Mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo 99 amtafute mmoja aliyepotea, naye alihesabu vibaya kwa kipimo cha sokoni.

Wala msiifanye habari hii kuwa sifa ya mtu mmoja aliye peke yake. Wazee wetu wasema: mkono mmoja haulei mwana. Sista alikuwa na nyumba nzima nyuma yake: waliombeba njiani, waliopika, waliovumilia makelele ya usiku, na wasichana viziwi ambao lugha yao ya ishara ndiyo iliyompatia Marie neno lake la kwanza. Kumwachia mama mmoja mtoto wa namna hiyo peke yake, kisha kusema kwamba hajui kumlea, ni udhalimu.

Yezu na yule kiziwi

Katika Injili ya Marko mna habari ya kiziwi aliyeletwa kwa Yezu. Mmeisikia mara nyingi. Sasa isikilizeni tena baada ya habari ya Marie. Yezu angaliweza kusema neno tu, naye mtu angalipona. Lakini alimtenga kwanza na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi. Kwa nini vidole? Kwa sababu mtu huyo hakuweza kusikia. Yezu alisema naye kwanza kwa lugha ambayo kiziwi huifahamu, lugha ya mkono. Hakumngoja apone ndipo azungumze naye.

Nanyi wakatekumeni, Kanisa linawatendea vivyo hivyo. Mnapopokelewa kuwa wakatekumeni, mwatiwa ishara ya msalaba katika paji la uso, kisha masikio na macho nayo yaweza kutiwa ishara hiyo. Katika matayarisho ya karibu ya Ubatizo, padri aweza kuwagusa masikio na midomo kwa kukumbuka tendo lile la Yezu. Mtapewa maji, mafuta, vazi jeupe, mwanga wa mshumaa. Mambo makuu yasiyoshikika yanawajia kwa vitu vinavyoshikika, kwa kuwa sisi sote, mbele ya Mungu, tuko kama Marie mbele ya Sista: hatukuweza kumsikia, naye akatafuta ishara tunayoweza kuigusa. Alitupenda kabla hatujajua kujibu.

Yatupasa nini?

Sasa turudi kwenye nyumba ile yenye chumba cha nyuma.

Kwanza, ufungueni mlango. Mtoto aliye kiziwi na kipofu si mchawi wala hakuletwa na uchawi. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine hupatwa na homa ya uti wa mgongo, au surua, au mama aliugua alipokuwa na mimba. Tena kando ya mito yetu upo ugonjwa uletwao na inzi wadogo wenye kuuma, nao hupofusha. Kwa hiyo mzazi anayepeleka watoto kwenye chanjo, na mwanakijiji anayekubali kumeza dawa ya kuzuia upofu wa mtoni igawiwapo, anatenda kazi ya upendo. Lakini anayemshtaki mtoto uchawi anashuhudia uongo juu ya mtu asiyeweza kujitetea, na dhambi hiyo ni nzito.

Pili, msogeleeni kwa mkono. Kila mtu wa nyumbani na ajijulishe kwa namna yake ile ile siku zote: mama kwa kumgusisha bangili yake, kaka kwa kumgusa bega. Kabla ya kumpa maji, mgusisheni kikombe. Kabla ya kumwogesha, tieni kwanza mkono wake katika beseni. Fanyeni ishara moja kwa jambo moja, wala msiibadilibadili. Msimvute kwa ghafula. Wekeni mikono yenu chini ya yake, aguse muhogo unapomenywa, mchi unapotwanga, ngoma inapolia, kwa maana asiyesikia ngoma kwa sikio huisikia kwa kiganja. Kisha ngojeni. Yamkini mtangoja miezi. Chururu si ndondondo. Tone moja moja hujaza mtungi.

Tatu, ulizeni. Iko miji katika nchi yetu yenye shule za viziwi na shule za vipofu. Wakisema, kama walivyosema kwa Marie, kwamba hapa si pake, ulizeni tena mahali pengine. Baba yake Marie, fundi wa mapipa, hakuwa mtu mwenye cheo. Lakini hakuchoka kuuliza.

Maswali ya kutafakari pamoja na katekista

1. Kwa nini hasira ya Marie ilikuwa dalili ya roho, wala si dalili ya wazimu?

2. Je, umepata kumnyang'anya mdogo wako kitu usimrudishie? Ulitaka anyamaze, au ulitaka aseme?

3. Nani kijijini kwenu amekuwa akigonga ukuta, na sisi tumekuwa viziwi kwake?

4. Ikiwa mtu hatakujibu kamwe, je, una wajibu wa kumpenda? Kwa nini?

Basi katekista atakapowauliza tena: «Mtu ni nini?», jibuni kama zamani, ya kuwa ana mwili na roho, na kwa roho yake aweza kufahamu na kupenda. Lakini mkisha kujibu, mtafuteni yule kijijini ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza lolote, mkamshike mkono.